Kaye ya Mwaka Jua Ilikosa Madoa

Butembo, tarehe 12 Januari 2025

Baba mukubwa Onésime,

Nakusalimia sana, wewe na Mama Orpa, na wote mulio pale nyumbani Beni. Sisi huku tuko. Mama anaendelea na soko yake ya unga, mugongo inamusumbua kidogo lakini anakataa kupumzika. Mama mudogo Florentine na batoto wake bane, bale walikimbia toka Kanyabayonga mwaka jana, bado tuko nabo. Nyumba imejaa. Asubui tunapanga foleni kwa kuoga kama batu ya shule, lakini tunacheka pia. Mama Orpa koo yake iko namna gani? Mutu moja wa kanisa alituambia hajarudi kuimba kwenye chorale hata huko Beni.

Nakuandikia kwa karatasi juu najua telefone haikupendi. Kisha miaka yote ile ya kuvaa casque ya redio, masikio yako inasikia tu kelele. Issaka, shoferi wa taxi ya Beni, amekubali kubeba barua zetu kwenda na kurudi. Ni mutu wa neno lake, usiogope kumupa kitu.

Sasa habari yenyewe. Niko kwa mwaka wa mwisho wa université, na ninapashwa kuandika mémoire yangu ya fizika, kitabu cha kumaliza masomo. Nilichagua jua. Nataka kuonyesha namna madoa meusi ya jua yanaongezeka na kupungua kila miaka kumi na moja hivi, na namna hiyo inatokana na mwendo ya ndani ya jua yenyewe. Prof Apollinaire, anayeniongoza, alisema: «Ni muzuri, lakini hiyo kila mutu anaweza kunakili. Wewe utaleta nini ya kwako?»

Nikakumbuka kaye zako, zile daftari za kuchorea. Wakati ulikuwa unafanya kazi ya phonie, ile redio ya kuitana, hapa Butembo, kwenye poste ya kanisa, kila asubui ulikuwa unachora jua mbele ya kufungua mashini. Mimi nilikuwa mudogo sana, lakini naona bado ile jumelle, darubini yenye jicho moja, umeifunga kwenye dirisha, na jua inaanguka juu ya karatasi kama sahani nyeupe. Ulinikataza kuangalia ndani. Baba mukubwa, kaye hizo bado ziko? Kama ziko, naomba uniazime. Nitazichunga kama Biblia.

Mutoto wako,
Joyeuse


Beni, tarehe 9 Februari 2025

Joyeuse mutoto wangu,

Barua yako ilifika, wasingya, asante. Issaka aliileta mwenyewe mpaka mulangoni, akakataa chai kwa sababu abiria walikuwa wanamungojea. Sisi tuko wazima. Mvua haijaanza muzuri. Shamba letu la upande wa Mbau hatujaenda huko tangu mwezi wa kumi, watu wanasema tungojee. Tunalima kidogo nyuma ya nyumba: lenga-lenga, na vitunguu vya Orpa. Koo yake haina ugonjwa. Aliacha kuimba tu. Salimia mama yako Bénite, umwambie mugongo haujadiliwi kama bei ya unga, apumzike.

Nilifurahi kusoma kwamba unataka jua. Hakuna mutu aliniuliza juu ya kaye hizo tangu poste ilipofungwa mwaka wa 2012.

Utaweka hii katika mémoire yako kama inafaa. Mwaka wa 1996, mwezi wa tano, nilianza kazi ya phonie. Mutu aliyenifundisha, muzee wa Kasugho, aliniambia: «Siku moja mashini itakufa mukononi mwako katikati ya mchana, na utaifungua misumari yote, na hautaona kosa. Usiifungue. Inua macho. Ni jua.» Nikafikiri anachekesha. Kisha nikaona ni kweli: jua ikitoa mulipuko upande wetu, kule juu kabisa hewa inanywa sauti yote, na phonie inakuwa bubu, dakika kumi, pengine saa nzima. Nikaanza kuchora madoa kila asubui ili nijue siku gani nisubiri shida. Pembeni ya kila duara niliandika pia habari za phonie: nani aliita, saa ngapi, alisema nini.

Mwaka ule wa kwanza nilidhani jumelle yangu ni mbovu, kwa maana duara zilibaki nyeupe. Doa la kwanza lilipokuja nilimwita Orpa aje aone.

Nakutumia kaye nne, kutoka 1996 mpaka 2000. Zile zingine sijui kama zinafaa. Nyumba hii ina panya.

Mungu akupe nguvu ya masomo.

Ni mimi baba yako mukubwa,
Onésime


Butembo, tarehe 2 Marsi 2025

Baba mukubwa,

Salamu nyingi toka kwa Mama. Amekula chakula chako cha maneno juu ya mugongo na kucheka, kisha akaenda soko siku ileile. Batoto ba Florentine wawili wameingia shule ya hapa karibu. Sisi wote tuko bazima.

Kaye nne zilifika, zimefungwa ndani ya kitambaa cha Mama Orpa, hata ukurasa moja haikuloa. Nilizipeleka kwa Prof. Alizifungua, akageuza kurasa moja moja, kisha akauliza: «Huyu baba yako mukubwa alisoma wapi?» Nikasema, alimaliza tu secondaire. Akaendelea kugeuza kurasa.

Unajua ni nini kilimushika? Mwezi wa nane 1999 ulichora madoa mawili, moja karibu na kiuno cha jua, ingine mbali kidogo juu. Kisha siku kama makumi mbili na saba, lile la kiuno lilirudi mahali pake. Lile la juu lilichelewa, likafika nyuma yake kwa siku moja na nusu. Uliandika pembeni: «Huyu wa katikati amemupita mwenzake. Jua haizunguki kipande kimoja.» Baba mukubwa, uliandika hivyo peke yako, bila kitabu.

Hiyo njo moyo ya mémoire yangu. Mupira ukizunguka, unazunguka wote pamoja. Jua ni gazi ya moto, kwa hiyo katikati inakimbia na pôles, ncha za juu na chini, zinachelewa. Na ndani ya jua kunako nguvu ya sumaku. Uwazie kama nyuzi zimenyooka toka kaskazini mpaka kusini. Kiuno kinapokimbia kinazivuta, zinaanza kujizungusha, zinajifunga mara moja, mara mbili, mara kumi, kama mutu anayejifunga kitenge asimalize. Zikikazana kupita kiasi zinapanda juu na kutoboa uso wa jua. Pale zinapotoboa, joto ya chini inazuiliwa, uso unapoa kidogo, na sisi tunaona doa jeusi. Wakati nyuzi zile zinakatika na kujiunga upya njo kunakuwa milipuko, ile ilikuwa inaua phonie yako.

Kisha kunako mwendo ingine, ya polepole. Juu ya uso, gazi inatembea toka kiuno kwenda pôles. Mbio yake ni kama ya gari inayotoka Butembo na kufika Beni kwa saa moja, kama njia ingekuwa njia. Inabeba mabaki ya madoa ya zamani, inayafikisha kwenye pôles, na kule nguvu ya sumaku inafutika na kupinduka: kaskazini inakuwa kusini. Halafu inazama na kurudi chini kwa chini, wasomi bado wanabishana inazama mpaka wapi. Miaka kumi na moja hivi, yote inaanza upya kwa upande wa kinyume. Na hiyo mwendo ya ndani hakuna mutu aliiona kwa macho. Jua inatetema kama kengele, na wao wanasikiliza ile mitetemo kutoka inje, kama vile wewe ulisikiliza Kasugho bila kuona Kasugho.

Prof anasema kaye nne zinaonyesha tu kupanda. Tunahitaji muzunguko nzima, toka mwaka jua ilikosa madoa mpaka mwaka ilikosa tena. Donc, maana yake, 1996 mpaka 2009. Nisaidie kupata zilizobaki, hata kama panya wamekula pembeni.

Joyeuse


Beni, tarehe 27 Aprili 2025

Joyeuse mutoto wangu,

Usikasirike kwa kuchelewa kwangu. Njia ilifungwa siku tano kwa sababu ya matope, kisha Issaka gari lake liliomba pièce, kipuri ambacho kilitoka Kampala. Kisha tulikuwa na matanga ya jirani. Orpa alipika kule siku tatu. Vitunguu vyetu vimekuwa vizuri, nakutumia nusu gunia. Sehemu moja mupe Prof wako.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya pili nilimusomea Orpa kwa sauti, ile sehemu ya kitenge. Akasema: «Kumbe jua inavaa kama sisi.» Ni siku nyingi sijamusikia akichekesha.

Nami nakuambia kitu nilichokiona, utafute kama kina jina. Mwaka mupya wa jua, ule wa miaka kumi na moja, unapoanza, madoa ya kwanza yanatokea mbali na kiuno, juu na chini. Mwaka kwa mwaka yanakaribia. Yakifika karibu kabisa na kiuno yanapunguka, yanaisha, na kumbe mengine yamekwisha kuanza tena kule mbali. Niliyafuata hivyo miaka mingi, kama mutu anayetazama mifugo ikishuka kutoka mulima mumoja kila siku kwa njia ileile.

Nakutumia kaye za 2001 mpaka 2008. Ile ya 2009 sikuipata. Mwaka ule, kwa kweli, hakukuwa na kitu cha kuchora. Kurasa na kurasa ni duara tupu. Mwambie Prof aandike tu sufuri, hatakosea.

Salimia mama yako.

Onésime


Butembo, tarehe 18 Mei 2025

Baba mukubwa,

Natumaini barua hii inawakuta bazima. Asante kwa vitunguu. Prof alivibeba mwenyewe ndani ya mufuko wake wa bitabu, harufu ilijaa bureau yote.

Kaye zako nimezilinganisha na liste za bale wanaochunga jua katika inchi zingine. Tarehe 28 Oktoba 2003, saa saba na dakika kumi ya muchana, uliandika: «Phonie imenyamaza yote. Jua lina doa kubwa kama kidole.» Nikafungua liste yao. Mulipuko mukubwa sana, siku ileile, dakika ileile. Nilitoka inje nikasimama kidogo. Niliangalia siku zingine kumi na nne ulizoandika kwamba jua imefunga phonie. Kumi na tatu zinaonekana kwenye liste yao. Hii mutu hawezi kuvumbua. Sasa naelewa juu ya nini kanisa yote, na Butembo yote, ukisema «ni jua», hakuna aliyebisha.

Sasa ninaandika ile sikutaka kuandika.

Nilipokuwa mutoto, nyumbani kwetu walisema siku zote: Papa alikufa kwenye mto kwa sababu jua ilifunga phonie. Nilikua na hiyo neno. Pengine njo sababu nilichagua jua, sijui. Tarehe 27 Agosti 2009 Papa alikuwa Kasugho kuchanja batoto, daraja lilikatika, na habari haikumufikia. Niliangalia mwezi huo kwenye liste. Mwezi muzima, jua haikukuwa na doa hata moja. Hakuna mulipuko hata mudogo. Nyuzi zote za mwaka ule wa jua zilikuwa zimekwisha kufunguka, na mupya zilikuwa bado hazijakazana. Na wewe mwenyewe uliniandikia: duara tupu.

Nilitafuta njia ingine. Prof aliniambia kwamba katika miaka ya jua tulivu, hewa ya juu inakuwa dhaifu na fréquence za juu za redio hazirudi chini, zinapita na kupotea. Donc inawezekana siku ile mulikuwa kwenye fréquence ya juu, na wewe ukafikiri ni jua kama zamani. Hiyo si uongo. Hiyo ni kukosea tu. Ukiniambia ilikuwa hivyo, nitaandika ndani ya mémoire, na itakuwa mfano muzuri.

Sijamuambia Mama kitu.

Joyeuse


Beni, tarehe 6 Julai 2025

Joyeuse,

Sisi tuko. Orpa anakusalimia. Hatuna habari ingine.

Issaka alipita hapa mara tatu akiniuliza kama kuna barua, mara tatu nikamwambia arudi. Mara ya tatu aliniambia: «Muzee, mutoto anangojea mulangoni kila nikifika. Mimi nachoka kumuonyesha mikono mitupu.» Njo nimekaa leo kuandika.

Fréquence haikuwa ya juu. Kwa Kasugho tulitumia ya chini siku zote, na ya chini ilipita muzuri mwaka ule kuliko miaka yote. Prof wako ni mutu mwema na wewe pia, mulinitafutia mulango. Siwezi kupita humo.

Nisikilize. Phonie yetu ilifunguka mara tatu kwa siku: saa moja asubui, saa sita, saa kumi. Nje ya masaa hayo Kasugho walizima, kwa kuchunga bateri. Siku ile saa nne shoferi wa lori alifika poste, akasema daraja la mto wa chini ya Kasugho limekatika, maji yanapita juu, mutu asijaribu. Nikaandika katika kaye: kupasha Kasugho saa sita. Papa yako Josaphat alikuwa amesema ataondoka saa sita ikipita. Na sisi tulikuwa na kanuni: kama saa sita hakuna neno, njia ni safi.

Saa tano Malachie, aliyepiga gitaa ya chorale, alikuja. Bateri yao ilikuwa imeisha na Jumapili kulikuwa na mukutano mukubwa wa makanisa. Orpa ndiye aliyekuwa anaongoza chorale. Malachie akaniomba bateri ya phonie kwa nusu saa. Nilifungua nyaya mimi mwenyewe. Niliibeba mimi mwenyewe mpaka temple, kanisani, kwa sababu ilikuwa nzito na kijana alikuwa na gitaa mugongoni. Ningeweza kurudi na kungojea. Lakini walikuwa wamekosa sauti moja ya basi, ile nzito ya chini, na mimi naimba basi. Nikakaa. Wimbo ulikuwa unatoka vizuri. Joyeuse, nilisahau saa. Hiyo tu. Hakuna kitu kikubwa zaidi nyuma yake.

Nilifunga bateri tena saa saba kasoro robo. Maliro, mutu wa phonie ya Kasugho, alikuwa ameacha mashini wazi akinisubiri. Akaniambia: «Amengojea, amengojea. Ameondoka sasa hivi, kama dakika kumi.» Walimutuma mutu na pikipiki amufuate. Hakumufikia.

Kesho yake habari ilipokuja, mchungaji aliniuliza mbele ya watu: «Haukuwaambia?» Na mama yako alikuwa amesimama pale, na wewe mukononi mwake. Nikasema: «Jua ilifunga phonie.» Neno lilitoka kama mutu anayesema jina lake. Nilikuwa nimelisema mara nyingi, na mara nyingi lilikuwa kweli. Mama yako akaniwekea mukono begani akasema: «Shemeji, si kosa yako. Ni jua.» Kisha ile siku sikuweza tena kurudi nyuma.

Orpa alijua toka saa ileile. Hakusema. Aliacha chorale juma lile na akaambia watu ni koo. Mimi niliendelea kuchora jua miaka mitatu mingine, mpaka poste ilipofungwa, lakini nilichora kama mutu anayefanya adhabu.

Kaye ya 2009 haikuliwa na panya. Ilikuwa chini ya kitanda changu. Nakutumia. Utaona siku ile: duara ni tupu, nilichora asubui na mkono safi, na chini yake, mchana, nikaandika uongo. Ukurasa wenyewe unabishana na mimi. Njo sababu nilikuwa nimeuficha.

Fanya unavyoona.

Onésime


Butembo, tarehe 20 Julai 2025

Baba mukubwa,

Kaye imefika. Niliichukua mukononi mwa Issaka, nikaenda kuketi nyuma ya temple, na nikasoma barua yako kwanza, kaye kisha.

Sina maneno mengi. Siku mbili sikuweza kula muzuri, na Mama alifikiri ni malaria. Nilikukasirikia. Bado nakukasirikia, na wakati uleule ninasoma tena mustari wako juu ya sauti ya basi na ninakuona ukiimba. Sijui namna ya kuweka hizo mbili pamoja.

Lakini haukuniambia yote. Ndani ya ukurasa ule, juu ya duara, kwenye saa moja asubui, kunako mistari mitatu. Najua umeiona kwa sababu wino umefifia pale, kama mutu aliyepitisha kidole mara nyingi. Ni neno la Papa. Si langu la kubeba, na si la kutuma na taxi. Nimefunga kaye. Sitaifungua mbele ya Mama mpaka uje.

Uje wewe mwenyewe, umusomee. Issaka atakuwekea kiti cha mbele Ijumaa tarehe 8 Agosti.

Joyeuse


Beni, tarehe 27 Julai 2025

Joyeuse mutoto wangu,

Nitakuja. Orpa atakuja nami, ameomba mwenyewe. Usimwandae mama yako kwa maneno. Mwambie tu wakubwa wa mume wake wanakuja kusalimia.

Onésime


Butembo, tarehe 31 Agosti 2025

Baba mukubwa na Mama Orpa,

Natumaini mulifika muzuri, na njia haikuwachosha. Mama ni mzima. Batoto ba Florentine wanakusalimia, mdogo anauliza muzee wa jua atarudi lini. Mémoire nimemaliza na nimeitetea mbele ya bale wanaohukumu juma lililopita, wamenipa distinction, alama ya juu. Jina lako liko ukurasa wa kwanza, na kaye zako zote ziko kwenye liste ya mwisho, toka 1996 mpaka 2009, hakuna inayokosa. Tarehe 27 Agosti 2009 nimeandika: madoa, sufuri. Phonie: hakuna kosa ya jua. Moja kati yao aliniuliza juu ya nini niliona lazima kuandika hiyo. Nikajibu, juu ni kweli.

Ninakuandikia ili ujue ile ilifanyika nyuma yako.

Wewe uliona tu ya sebuleni. Ulisema habari ya bateri ukiwa umesimama, ukakataa kiti, na Mama alikuwa anaangalia meza. Mama Orpa alikuwa analia. Kisha ukafungua kaye na kusoma ile ya saa moja: «Kasugho. Josaphat. Chanjo imeisha, batoto mia mbili na sita. Anaondoka kisha saa sita. Nimwambie Bénite: Joyeuse asianze shule mbele sijafika, nitamupeleka mimi mwenyewe, kwa mukono.»

Mama akaomba usome tena. Ukasoma tena. Kisha akasema ile ulisikia: «Onésime, hii ilikuwa yangu.» Miaka yote nimemusikia akikuita Shemeji. Akainuka, akatoka.

Ulifikiri amekwenda kulia. Hapana. Nilimufuata. Alikuwa jikoni, amesimama mbele ya jiko bila kufanya kitu. Nikamuuliza: «Mama, unamuchukia juu ya bateri?» Akasema: «Bateri ni bateri. Mutu yeyote anasahau saa. Hata Josaphat alisahau saa kila siku, nilikuwa namungojea na chakula cha baridi. Lakini miaka kumi na sita nimelala nikijiuliza kama mume wangu aliniwazia asubui ile. Na jibu lilikuwa chini ya kitanda Beni.»

Nikamuuliza kama anakumbuka nani alinipeleka shule. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau, nilikumbuka tu mukono mukubwa na kiatu kilichoniumiza. Mama akasema: «Ni yeye. Matanga ilikuwa haijaisha. Jumatatu asubui alikuja, akasema nitamupeleka, na akalia njia yote, na mimi nilifikiri analilia ndugu yake tu.» Nikaona sura yake inabadilika, kama mutu anayesikia sauti ya mbali na bado hajajua ni ya nani. Akasema polepole: «Alitimiza neno, na akaficha neno. Mutu huyu.»

Alipika. Uliona, alikupa nyama ya kwanza lakini hakukaa na ninyi mezani. Usiwazie ni kusahau. Alikula nami jikoni.

Siku ile mulienda, wakati Issaka alikuwa anafunga mizigo, aliniomba kaye. Nikampa. Hasomi haraka. Aliketi kwenye mulango akafuata na kidole mpaka akafika mahali. Amechukua mkasi akakata mistari ile mitatu, pamoja na kipande kidogo cha duara, kipande cheupe. Nilitaka kumuambia ni donnée, ushahidi wa mémoire, nikaacha. Ameiweka ndani ya Biblia yake. Donc kaye yako itarudi na shimo. Utanisamehe, na Prof pia atanisamehe.

Majuma matatu hakutaja jina lako. Jana, tukichambua maharagi, nilimuambia nitakuandikia leo, nikauliza kama ana neno la kutuma. Alichambua mpaka sinia ikaisha. Kisha akasema:

«Andika hivi. Sijamaliza naye. Kwa hiyo arudi, Noeli, na Orpa. Na Orpa asije na koo ya kuumwa. Hapa kanisani tuko na sauti moja tu ya soprano na inatoka vibaya.»

Nimeandika kama alivyosema.

Mutoto wenu,
Joyeuse